Skani Zinapokataa Kuoana: Dalili, Visababishi na Marekebisho katika Kuunda Modeli za Pande Tatu

Hakuna skana ya pande tatu, yaani mashine inayopima umbo la kitu kwa mwanga, inayoona kitu chote kwa mara moja. Inaona upande ulioielekea tu, na kwa hiyo anayetaka modeli kamili ya mtungi, kinyago au dele la kahawa hulazimika kukiskani kitu hicho mara nyingi kutoka pembe mbalimbali, kila skani ikipanda juu ya sehemu ya ile iliyotangulia kama bati linavyopanda juu ya bati jingine paani, kisha kuzikalisha zote pamoja ndani ya kompyuta. Sungura wa udongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye Greg Turk na Marc Levoy walimskani mwaka 1994 na ambaye hadi leo hutumika kujaribia programu, aliundwa kwa skani 10. Sungura yule alikuwa kitu chenye hisani: udongo usiong'aa, masikio mawili yasiyofanana na kitu kingine mwilini mwake, na mikunjo ya manyoya kila upande. Vitu vingi vinavyotufikia mezani havina hisani hiyo.

Ili kuelewa matatizo yanayofuata, inatosha kujua jinsi programu inavyofanya kazi. Takriban zote, zikiwemo CloudCompare na MeshLab zinazopatikana bure, hutegemea mbinu inayojulikana kwa herufi ICP (Iterative Closest Point, yaani kutafuta nukta ya karibu kwa kurudiarudia), iliyoelezwa na Paul Besl na Neil McKay mwaka 1992. Skani ni mkusanyiko wa nukta zilizopimwa kwenye uso wa kitu. Programu huchukua kila nukta ya skani moja na kutafuta nukta iliyo karibu nayo zaidi katika skani ya pili, hukokotoa mzunguko na msogeo utakaopunguza umbali kati ya jozi hizo zote kwa jumla, husogeza, kisha huanza upya kutafuta majirani. Huendelea hivyo hadi msogeo uwe mdogo mno. Haijui mtungi ni nini wala mdomo wake uko wapi. Inachokijua ni ujirani tu, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya skani ghafi mahali pengine. Marekebisho mengi yaliyoelezwa hapa yanahitaji kurudi mwanzo.

Dalili: Kipande kinatupwa mbali au kinakaa kichwa chini

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni mahali pa kuanzia. Skani mbili zikiwa zimegeuziana nyuzi 90, jirani wa karibu si jirani wa kweli, na programu itatulia mahali pasipo pake ikidhani imefika. Zisogeze kwanza kwa mkono kwa kuchagua nukta zilezile katika skani zote mbili. Nukta 3 ndizo za chini kabisa, na hazifai ziwe kwenye mstari mmoja. Mimi huchagua 5 au 6 zilizotawanyika, penye kona, mchongo au doa linaloonekana wazi. Usichague nukta ukingoni mwa skani, kwa kuwa ukingo huo ni mahali ambapo mwanga wa mashine uliishia na wala si ukingo wa kitu chenyewe. Ikiwa jozi moja inaonyesha kosa kubwa kuliko nyingine zote, huenda umebonyeza vibaya: iondoe uichague tena.

Kisababishi cha pili ni kiwango cha kupandana kilichoandikwa kwenye programu. CloudCompare huanza na asilimia 100, yaani hudhani kwamba kila nukta ina mwenzake upande wa pili. Skani zako zikiwa zinapandana kwa asilimia 40 tu, zile 60 zilizobaki zitavuta kazi nzima upande usio wake. Andika namba iliyo chini kidogo ya kupandana unakokuona kwa macho. Kama kupandana kwenyewe hakufiki asilimia 30, usihangaike na programu, rudi ukaskani.

Cha tatu ni vipimo. Faili za STL na OBJ hubeba namba bila kusema ni milimita au mita. Tazama ukubwa wa kila skani: mtungi wa sentimita 30 unapaswa kusomeka 300 au 0.3, na pande zote mbili zisome vilevile. Zikitofautiana mara 1000, moja ni mita na nyingine milimita. Zikitofautiana mara 25.4, kuna inchi imeingia mahali. Rekebisha kwa kuzidisha. Usiiruhusu programu ibadilishe ukubwa yenyewe wakati wa kuoanisha skani zilizotoka kwenye mashine moja, kwa kuwa itanyoosha kitu ili kulificha kosa ambalo ulipaswa kuliona.

Mara chache sana utakuta skani imegeuzwa kama kwenye kioo, hasa baada ya kupitishwa kwenye programu nyingine yenye mpangilio tofauti wa mihimili. Maandishi yatasomeka kinyume. Hakuna mzunguko wowote utakaoitibu hali hiyo. Geuza mhimili mmoja.

Dalili: Programu inasema kosa ni dogo, lakini modeli si ya kweli

Hii ndiyo dalili inayowapotezea watu muda mwingi zaidi, kwa sababu haijitangazi. Kazi inakwisha, wastani wa kosa unasomeka sehemu ndogo ya milimita, na uso unaonekana laini.

Niliwahi kuletewa mtungi wa maji wenye kipenyo cha kama sentimita 30, wa udongo usio na mpini wala nakshi, ulio na ufa mmoja mwembamba uliotoka mdomoni na kushuka hadi begani. Niliuskani kwa zamu 12, nikaoanisha, nikapata namba za kupendeza. Nilipoiwasha rangi ya uso, mtungi ulikuwa na nyufa mbili, zimeachana kwa upana wa kidole, kila ufa ukionekana halisi kabisa na wenye ukungu uleule wa moshi pembeni mwake. Nilirudi mezani kuutazama mtungi wenyewe, kama mtu asiyeamini macho yake. Ulikuwa na ufa mmoja.

Sababu ni umbo. Kitu kilichofinyangwa kwa kuzungushwa kinaweza kugeuzwa juu ya mhimili wake bila umbali kati ya nyuso kubadilika hata kidogo, na kwa hiyo programu inayopima umbali pekee haina namna ya kutambua kwamba kimegeuka. Bapa kama uso wa meza huteleza kwenda mbele na kando. Bomba huteleza na kuzunguka. Mpira huzunguka upendavyo. Namba ndogo hapo inathibitisha kwamba nyuso zimegusana, na haisemi lolote zaidi.

Jaribio rahisi la kubaini hali hii ni kuliharibu pozi makusudi. Zungusha skani moja kwa nyuzi 5 hivi kutoka mahali ilipokaa, kisha oanisha upya. Ikirudi palepale, ujue umbo linaishika. Ikibaki ulipoiacha na kosa likasomeka karibu vilevile, basi hakuna kinachoishika, na matokeo ya mwanzo yalikuwa bahati nasibu.

Marekebisho yaanze na yaliyo mepesi. Chagua nukta kwa kutumia rangi badala ya umbo: doa la moshi, ufa, alama ya kidole cha mfinyanzi. Kisha panga upya zamu zako ili kila jozi ya skani ipandane penye kitu cha pekee, kama mpini, mdomo uliomeguka au nakshi, hata kama itakulazimu kuongeza zamu tatu au nne. Ikiwa kitu hakina cha pekee popote, kipe majirani: panga kwenye meza ya kuzunguka vipande vya tofali au vijiboksi vya ukubwa tofauti, bila ulinganifu, vizunguke pamoja na mtungi bila kuguswa, na uviache ndani ya skani wakati wa kuoanisha. Vitashika kile ambacho mtungi hauwezi kukishika, nawe utavifuta mwishoni. Baadhi ya watu hubandika vibandiko vyenye alama kwenye kitu chenyewe. Kwenye sufuria yako hilo halina ubaya. Kwenye kitu cha kale usifanye hivyo kamwe, kwa kuwa gundi huondoka na rangi, bandika mezani.

Dalili: Uso una tabaka mbili

Ukuta wa kitu unaonekana kama maganda mawili yaliyoachana kidogo, na ukitengeneza meshi, yaani uso wa pembetatu ndogondogo unaounganisha nukta, unapata matuta na vijifuko. Usianze kwa kupunguza au kulainisha. Kata modeli kwa bapa kwenye programu na utazame mkato wake, kwa sababu namna maganda yanavyoachana ndiyo inayotaja mkosaji.

Maganda yakiachana kwa kiasi kilekile upande mmoja wote, kuna kilichosogea kati ya zamu na zamu. Huenda ni kitu chenyewe, huenda ni stendi ya skana, huenda ni mbao za sakafu zilizoyumba lori lilipopita nje. Zima feni. Weka kitu juu ya mfuko wa mchanga kikae imara, na uoanishe skani hiyo upya peke yake kabla ya kuamua kuirudia.

Kisababishi kingine, ambacho wanaoanza hukisahau karibu kila mara, ni meza kubaki ndani ya skani. Ukikigeuza kitu kwa mkono huku meza imetulia, programu inaona vitu viwili vyenye misogeo miwili, na kwa kuwa meza ni kubwa na bapa, inaifuata meza. Futa kila kisicho kitu chako katika kila skani kabla ya kuoanisha, isipokuwa wale majirani uliowapanga makusudi wazunguke nacho.

Maganda yakigusana ncha moja na kuachana ncha ya pili, fikiria kwanza kama kitu kinaweza kujikunja. Kikapu cha ukindu kikilazwa ubavu hubonyea, na kikisimamishwa hurudi. Skani za pozi hizo mbili haziwezi kuoana kwa sababu ni maumbo mawili tofauti. Hapa hakuna programu ya kulaumiwa. Skani kikapu kikiwa kimesimama vilevile mwanzo hadi mwisho, ukiizungusha mashine badala ya kikapu, na ukubali kwamba kitako chake kitaunganishwa kwa makadirio.

Kama kitu ni kigumu na hakikusogea, shuku mashine. Skani kigae bapa kisichong'aa, kisha iambie programu iweke bapa juu ya nukta zake na ionyeshe umbali kwa rangi. Kigae kikionekana kimebonyea kama sahani, kupita kiwango cha usahihi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kalibresheni, yaani urekebishaji wa vipimo vya mashine, imeharibika. Acha mashine ipate joto kwa muda ulioelekezwa, usiiweke mbele ya kiyoyozi wala juani, kisha fanya kalibresheni kwa ubao uliokuja nayo. Ikishindikana mara mbili, au kama mashine iliwahi kuanguka, simama hapo na uipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji. Usiifungue. Lenzi na chanzo cha mwanga zimefungwa kiwandani kwa pembe ambayo bisibisi haiwezi kuirudisha, na mashine ya leza iliyofunguliwa ni hatari kwa macho.

Kuna kisababishi cha mwisho, adimu lakini cha kuvutia. Nyenzo kama pembe ya ndovu, nta na marumaru hupitisha mwanga kidogo ndani yake, kwa hiyo sehemu ya mwanga wa skana hurudi kutoka chini ya uso na si juu yake. Timu iliyoongozwa na Marc Levoy ilikutana na tabia hiyo ilipoiskani sanamu ya Daudi ya Michelangelo huko Florence katika mradi wa 1998 na 1999: marumaru iliwapa chenga, yaani nukta zinazoyumbayumba kuuzunguka uso wa kweli, zaidi ya uso wa kawaida. Dalili yake ni kwamba tabaka mbili zinatokea penye nyenzo hiyo tu. Mhimili wa mashine ukiuelekeza wima kwa uso, badala ya kwa mshazari, tatizo hupungua ingawa haliishi.

Dalili: Mzunguko haufungi

Skani ya kwanza imeoana na ya pili, ya pili na ya tatu, na kila jozi ni safi, lakini ya mwisho ikikutana na ya kwanza kuna ngazi. Kosa dogo limejilimbikiza. Chukua zamu 12 kuuzunguka mtungi wenye nusu-kipenyo cha milimita 150: kila jozi ikikosea nyuzi 0.2 kuelekea upande mmoja, mwishoni, baada ya jozi 11, utakuwa umepotea nyuzi 2.2, ambazo kwenye uso wa mtungi ni karibu milimita 6. Hakuna macho yatakayoziona nyuzi 0.2 katika jozi moja.

Hivyo usiishie kuoanisha mnyororo. MeshLab, baada ya vipande vyote kukaa karibu na mahali pake, huoanisha kila kipande na majirani zake wote kwa pamoja na kuligawa kosa kwenye mzunguko mzima. Tumia hatua hiyo, na ujue kwamba namba zake za mwanzo zimewekwa kana kwamba kipimo ni milimita, kwa hiyo mwenye skani za mita hana budi kuzibadilisha. Lakini kabla ya kugawa, soma orodha ya jozi na kosa la kila moja. Jozi moja mbovu ikiachwa ndani, ugawaji utaisambaza sumu yake kwa vipande vyote, na ulichokuwa nacho mahali pamoja sasa utakuwa nacho kila mahali. Ifute, au irudie kwa nukta za mkono.

Ngazi ikiendelea, ongeza skani mbili tatu kutoka juu, zinazouona mdomo wote kwa mara moja. Hizo hupandana na karibu kila skani ya pembeni na kuzifunga kama duara la chuma linavyoyafunga mapipa.

Dalili: Pande mbili za kitu chembamba zinanata pamoja

Sinia, jambia bila ala, ubao wa kuchongwa: skani ya mbele na ya nyuma zinavutana hadi unene unapotea. Jirani wa karibu wa nukta ya mbele ni nukta ya nyuma, na ICP inatii. Iambie programu ilinganishe mwelekeo wa nyuso na ikatae jozi zinazotazamana kinyume. Kipengele hicho kipo katika CloudCompare. Halafu uhakikishe zipo skani za ukingoni, zilizochukuliwa kitu kikiwa kimesimama, zinazouona upande wote mmoja na kipande cha upande wa pili. Pima unene halisi kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene kwa taya mbili, mahali patatu na uulinganishe na modeli. Hakuna kipimo kingine cha kuaminika hapa.

Dalili: Skani zina matobo na chenga, kwa hiyo hakuna cha kuoanisha

Kinyago cha mpingo kilichopigwa msasa na kung'arishwa kina maovu yote mawili kwa pamoja: weusi unaomeza mwanga na mng'ao unaourudisha upande usiotakiwa. Dele la shaba lina la pili peke yake, nalo linatosha.

Anza na chumba. Funga madirisha, zima taa zinazometameta, ongeza muda wa kupokea mwanga kwa sehemu nyeusi na uupunguze kwa sehemu zinazong'aa, kisha skani pozi lilelile mara mbili kwa mipangilio hiyo tofauti na uziunganishe. Geuza kitu kidogokidogo, nyuzi 15 badala ya 30, ili kila mng'ao uhame kutoka skani moja hadi nyingine na usiache tobo mahali palepale. Nukta pweke zinazoelea hewani zifutwe kabla ya kuoanisha, si baada.

Ikishindikana, watu hupuliza unga mweupe au dawa maalumu inayoyeyuka hewani baada ya saa chache. Kwa kitu chako mwenyewe cha chuma au plastiki, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, ukiwa umevaa barakoa na chumba kina hewa. Kwa kinyago cha mti usifanye haraka: unga huingia kwenye mikwaruzo ya patasi na vinyweleo vya mti, na kuutoa kwa brashi kunaweza kuondoka na nta. Kitu kikiwa cha makumbusho, cha msikiti, cha ukoo, au chenye rangi inayomenyuka, simama na umwite mtaalamu wa uhifadhi kabla ya kupuliza, kubandika au hata kusafisha vumbi. Modeli yenye matobo inaweza kuskaniwa tena mwakani.

Dalili: Kila kitu kimekaa sawa, lakini faili lililohifadhiwa limevurugika

Kwenye MeshLab msogeo wa kila kipande huhifadhiwa kando kama jedwali la namba, na nukta zenyewe hubaki zilipokuwa hadi uamuru jedwali hilo liingizwe ndani yake. Ukihifadhi kipande kimojakimoja bila kutoa amri hiyo, vyote hurudi pozi la mwanzo. Unganisha vipande vyote kuwa kimoja au ingiza msogeo kwa kila kipande, kisha hifadhi. Na kama modeli inatetemeka au nukta zake zimejipanga kwa ngazi, tazama ukubwa wa namba za mahali: skani zilizobeba majira ya ramani, yaani namba za mahali kwenye ramani, zenye tarakimu sita au saba, hupoteza milimita na hata sentimita. CloudCompare ikiuliza kama isogeze modeli karibu na sifuri, kubali, na uandike kiasi ilichosogeza.